Kiwanja Kikishabaki Kitupu

Mwezi Julai 1950 wakazi wa Chavez Ravine, eneo la vilima lililo jirani kabisa na katikati ya jiji la Los Angeles, walipelekewa barua na mamlaka ya nyumba ya jiji hilo. Barua ilikuwa ya upole. Iliwaarifu kwamba eneo lao limeteuliwa kujengwa nyumba za umma za kodi nafuu, kwamba watalipwa fidia, na kwamba nyumba mpya zitakapokamilika wao ndio watakaotangulizwa kupewa. Waliozipokea, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wenye asili ya Meksiko, zaidi ya familia 1,000, waliokaa katika mitaa mitatu inayopakana: La Loma, Palo Verde na Bishop. Kabla ya miaka 12 kutimia, Aprili 1962, mahali hapo pakafunguliwa kwa shangwe, na hapakuwa na nyumba ya kupanga hata moja. Palikuwa na uwanja wa besiboli wa watu 56,000, umezungukwa na maegesho ya magari.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni hadithi ya timu tajiri iliyokuja kuwafukuza maskini. Tukikisimulia hivyo tunaipoteza sehemu yake yenye uzito. Timu hiyo, Dodgers, ilikuwa bado kwao Brooklyn, New York, wakati familia nyingi za Chavez Ravine zilipokuwa zikifungasha. Walihamishwa kupisha nyumba za watu wa kipato cha chini, na kati ya waliowahamisha walikuwamo watu wenye nia njema kabisa. Ndiyo maana nataka kutetea hoja moja jioni hii. Tingatinga lilibomoa mitaa ya Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, na ubaguzi ulichangia kuchagua ni mitaa ipi ibomolewe. Lakini kilichowanyima watu hao kurudi ni utaratibu uliomtaka mkazi aondoke kwanza, halafu ukamwachia ahadi isiyo na nguvu yoyote kisheria kuhusu kitakachofuata. Ardhi ikishabaki tupu, mwenye ahadi hana pa kusimamia. Anayesikilizwa ni yule aliyekaa mezani siku ya kugawa.

Tuanze na sheria yenyewe, maana mlango uliachwa wazi hapo. Mwaka 1949 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Nyumba, iliyobeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa idhini ya kujenga nyumba za umma 810,000 nchi nzima. La pili lilikuwa kusafisha maeneo yaliyohesabiwa kuwa chakavu: jiji linatwaa ardhi kwa lazima, linalipa fidia, linabomoa, kisha linamuuzia mwendelezaji binafsi kwa bei iliyo chini ya gharama zake, na serikali kuu inabeba theluthi mbili ya hasara. La pili lilikimbia, la kwanza likachechemea. Tena sheria ilitaka eneo linaloshughulikiwa liwe la makazi kwa sehemu kubwa, lakini ilitosha liwe hivyo kabla ya kubomolewa au baada ya kujengwa upya. Hebu pima maana yake, msikilizaji. Ukibomoa makazi ya watu umeshatimiza sharti, na papo hapo unaweza kusimamisha ukumbi wa muziki. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi ya mtaa mmoja wa kusini-magharibi mwa Washington, iliamua bila jaji hata mmoja kupinga kwamba eneo zima laweza kutwaliwa kwa ajili ya mpango wa uendelezaji, hata kama ndani yake limo jengo lisilo na kasoro, na kukabidhiwa mtu binafsi. Tangu hapo swali la nani atakuja baada ya mkazi likabaki mikononi mwa wanasiasa na wafanyabiashara, mahakama zikajiweka kando.

Chavez Ravine iliangukia ile sehemu ya nyumba za umma, na hapo ndipo inapofaa kutazamwa kwa karibu. Msanifu mashuhuri Richard Neutra na mwenzake Robert Alexander walichora majengo 24 ya ghorofa 13 na mengine mafupi zaidi ya 160. Mradi ulipewa jina, fedha zikatengwa, watu wakaanza kuuza nyumba na kuhama. Kisha siasa zikageuka. Wafanyabiashara wa majumba na magazeti yaliyowaunga mkono walizipiga vita nyumba za umma wakidai ni usoshalisti unaoingia kwa mlango wa nyuma, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 shutuma hiyo ilikuwa na meno. Frank Wilkinson, ofisa wa mamlaka ya nyumba aliyeutetea mradi kuliko wote, alikuwa akitoa ushahidi mahakamani mwaka 1952 juu ya hali ya nyumba za eneo hilo, mara wakili akamuuliza amekuwa mwanachama wa vyama gani. Akakataa kujibu, na kazi ikaota mbawa. Mwaka 1953 Norris Poulson alichaguliwa meya kwa kampeni ya kuzipinga nyumba za umma, mradi ukafutwa, na serikali kuu ikaliuzia jiji ardhi ile kwa sharti kwamba itumike kwa manufaa ya umma.

Wakati huo vilima vilikuwa karibu vitupu. Familia chache tu zilikuwa zimebaki, zikigomea fidia. Je, waliokwisha kuondoka waliitwa warudi kununua viwanja vyao? Hawakuitwa, wala hakuna kifungu kilicholilazimisha jiji kuwaita. Mwaka 1957 jiji lilifunga mkataba na Walter O'Malley, mmiliki wa Dodgers: yeye apate ekari zipatazo 300, jiji lipate uwanja mdogo uliokuwa mali ya timu, na jiji ligharamie hadi dola milioni 2 za kusawazisha vilima. Edward Roybal, diwani mwenye asili ya Meksiko, alipinga. Juni 1958 wapigakura waliukubali mkataba kwa tofauti ya kura 26,000 hivi kati ya takriban 677,000, na Januari 1959 mahakama ya juu ya jimbo ikauhalalisha. Yale manufaa ya umma yaliyotajwa kwenye sharti yakapanuliwa mpaka yakaukumbatia uwanja wa kampuni binafsi. Tarehe 8 Mei 1959 maaskari wa kaunti wakaja kuitoa familia ya Arechiga, iliyokaa pale tangu miaka ya 1920. Binti mmoja wa nyumba hiyo, mjane wa askari aliyekufa katika Vita Kuu ya Pili, alibebwa mikono na miguu na kushushwa ngazi za baraza mbele ya kamera za televisheni. Tingatinga likafuata bila kukawia.

Siku chache baadaye magazeti yakafichua kwamba familia ile ilikuwa na nyumba nyingine jijini, na huruma ya watu wengi ikayeyuka. Hii ni hoja ya wapinzani isiyofaa kupuuzwa, kwa sababu ilifanya kazi kubwa wakati ule na bado hutajwa. Lakini umiliki wa nyumba kwingineko unajibu swali la kama familia italala nje. Swali la kama jiji lina haki ya kutwaa ardhi kwa sababu moja na kuitumia kwa sababu nyingine linabaki palepale. Mwenye nyumba kumi na mwenye nyumba moja wanaidai serikali jambo lilelile: itimize ile sababu iliyowaondolea.

Atatokea msikilizaji aseme, lakini mitaa ile ilikuwa mibovu, nyumba za kuungaunga, barabara za vumbi, vyoo vya mashaka. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Nyumba nyingi za Chavez Ravine zilijengwa na wenyewe kwa mikono yao, mbuzi na kuku walizunguka uani, na njia nyingi hazikuwa na lami. Lakini kutia lami ni kazi ya nani kama si ya jiji? Wamarekani wenye asili ya Meksiko walijazana huko kwa sababu sehemu nyingine nyingi za Los Angeles zilikuwa na mikataba ya kuuziana nyumba iliyowakataza watu wasio Wazungu kununua au kupanga, mikataba ambayo mahakama ziliacha kuitekeleza mwaka 1948 tu. Ramani za mikopo zilizochorwa na wakala wa serikali kuu miaka ya 1930 zilipaka mitaa kama Boyle Heights, mashariki mwa jiji hilohilo, rangi nyekundu ya daraja la mwisho, na tathmini iliyoambatana nazo ililaumu hasa mchanganyiko wa watu wa asili mbalimbali. Mahali palipopakwa nyekundu mkopo wa kukarabati paa ulikuwa adimu. Baada ya miaka mingi ya kunyimwa mkopo na huduma, mkaguzi alipita na daftari lake akaandika kwamba mtaa umechakaa. Uchakavu aliouona ulikuwa wa kweli, ila sehemu yake kubwa ilitengenezwa na wale waliomtuma.

New York ilifanya mambo haya kwa ukubwa usio na mfano, chini ya Robert Moses, mtu ambaye hakuwahi kuchaguliwa na wananchi katika wadhifa wowote na bado alisimamia usafishaji wa mitaa, madaraja na barabara kuu kwa miongo. Katika eneo la Lincoln Square, upande wa magharibi wa Manhattan, palipokuwa na mtaa wa San Juan Hill wa watu weusi na Wapuertorico, familia zipatazo 7,000 na biashara takriban 800 ziliondolewa kupisha kituo cha sanaa cha Lincoln Center. Rais Eisenhower alichimba udongo wa kwanza mwezi Mei 1959, mwezi uleule wa kizaazaa cha Chavez Ravine. Kabla mitaa haijamalizwa kubomolewa, wapiga picha za sinema walitumia baadhi ya barabara zake kurekodi filamu ya West Side Story, kisa cha vijana wa Kipuertorico na wapinzani wao, na nyota wawili wakuu hawakuwa Walatino. Kejeli haijawahi kuandikwa vizuri zaidi.

Mbele kidogo kaskazini kulikuwa na mradi wa Manhattantown, na huo ndio unaoonyesha utaratibu ukiwa uchi. Waendelezaji walikabidhiwa majengo kwa bei ya kutupa mwaka 1952 wakiwa wanatakiwa kubomoa na kujenga upya. Kamati ya Seneti iliyowahoji mwaka 1954 ilikuta kwamba kwa sehemu kubwa walikuwa bado wanakusanya kodi za pango kwa wapangaji walewale, weusi na Wapuertorico, katika majengo yaleyale waliyoacha kuyakarabati. Majiko na majokofu yaliyokuwa ndani ya vyumba yaliuzwa kwa jamaa wa mmoja wa wahusika, kisha kampuni ikayakodi kutoka kwake na kuyarudisha kwenye gharama za mradi. Yaani mpangaji akipikia jiko lilelile alilolikuta, mtu mwingine akawa anakula kwa kila mwezi unaopita.

Mfano huu unatupeleka kwenye pingamizi la fidia. Inasemwa kwamba watu walilipwa, na mtu aliyelipwa hana madai. Lakini aliyelipwa thamani ya jengo alikuwa mwenye jengo. Wapuertorico wa New York, Boston na Chicago karibu wote walikuwa wapangaji, wengi wao wamefika katika wimbi kubwa la uhamiaji lililofuata Vita Kuu ya Pili. Sheria ya 1949 ilitaka waliohamishwa waonyeshwe makazi mengine ya staha wanayoyamudu, na katika makaratasi ya miradi sharti hilo lilitimizwa mara nyingi kwa orodha ya anwani. Sheria pana ya kuwasaidia waliohamishwa na miradi ya serikali, wapangaji wakiwamo, ilikuja mwishoni mwa 1970, wakati sehemu kubwa ya kazi ya tingatinga imekwisha kufanyika. Na kuna vitu ambavyo mthamini hana safu ya kuviandika: duka linalokopesha hadi mwisho wa wiki, jirani anayelea watoto wakati mama yuko zamu kiwandani, kanisa linaloendesha misa kwa Kihispania. Kwa mtu wa kipato kidogo aliyeingia nchi mpya, hivyo ndivyo vilivyofanya mshahara utoshe.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi: kwamba hakuna lililokuwa la Walatino pekee, maana Waamerika weusi waliumizwa kuliko wote, na Wazungu maskini pia hawakusalimika. Naafiki. Hata kuwatenga Walatino katika takwimu ni kazi ngumu, kwa kuwa sensa za 1950 na 1960 ziliwaingiza watu wenye asili ya Meksiko katika kundi la weupe. Lakini pingamizi hili linaipa hoja yangu nguvu. Chukua Chicago. Miaka ya 1950 eneo la Harrison na Halsted, lililokaliwa na Waitaliano, Wagiriki na Wameksiko, liliahidiwa kufanyiwa ukarabati wa makazi, na sehemu yake ikasafishwa kwa matumaini hayo. Mwaka 1961 Meya Richard Daley alilitoa eneo hilo kwa chuo kikuu cha jimbo. Florence Scala, mwanamke wa Kiitaliano wa mtaani hapo, aliongoza upinzani hadi Mahakama ya Juu ya nchi, wakashindwa, na chuo kikafunguliwa mwaka 1965. Familia nyingi za Wameksiko zilisogea kusini, mtaa wa Pilsen. Jiji tofauti, makabila yamechanganyika, na bado hatua ni zilezile za Los Angeles: ahadi ya makazi, kiwanja kinafunguka, mgeni mwenye nguvu anaingia. Walichokuwa nacho Walatino kwa wingi zaidi ni udhaifu wa kura: Los Angeles haikuwa imemchagua diwani mwenye asili ya Meksiko tangu karne ya 19 mpaka Roybal alipoingia mwaka 1949.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote, hata hivyo, unatoka mahali ambapo mambo hayakwenda hivyo. Kusini mwa katikati ya Boston, katika mtaa wa South End, mamlaka ya uendelezaji ilikuwa imepanga kubomoa kipande cha ardhi kilichoitwa Parcel 19, makazi ya Wapuertorico wengi. Mwaka 1968 wapangaji, wakisaidiwa na kanisa la Mtakatifu Stefano, waliunda baraza lao, wakapita nyumba kwa nyumba, na kaulimbiu yao kwa Kihispania ilikuwa kwamba hawahami Parcel 19. Wangeweza kuishia kwenye maandamano, kama wengine wengi. Wao walimtafuta msanifu, John Sharratt, wakachora mpango wao wenyewe, na mwaka 1969 wakaishinikiza mamlaka iwateue wao kuwa waendelezaji wa kiwanja. Hapo ndipo tofauti ilipo. Ubomoaji na ujenzi ulifanyika, lakini aliyeshika mpango ni mpangaji. Kilichojengwa miaka ya 1970 kinaitwa Villa Victoria: zaidi ya nyumba 400 za kodi nafuu, na katikati yake uwanja wa kupumzikia wenye jina la Ramón Betances, mpigania uhuru wa Puerto Rico, watu wakae nje jioni kama walivyozoea kisiwani. Mtaa jirani umepanda bei mpaka hausogeleki, na wao wapo.

San Diego ina kisa kidogo cha aina hiyo. Mtaa wa Barrio Logan ulikatwa vipande na barabara kuu mwaka 1963, kisha nguzo za daraja la Coronado zikasimikwa juu yake mwaka 1969. Wakazi walikuwa wameahidiwa bustani chini ya daraja. Aprili 22, 1970, walipoona matrekta yanasawazisha ardhi kwa ajili ya kituo cha polisi wa barabarani, waliingia, wakajipanga kuzuia mashine, wakaanza kupanda maua na mikaktasi papo hapo. Walikaa siku 12, mpaka serikali ikakubali. Leo ni Chicano Park, na nguzo zake zenye michoro zimetambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Wao waliwahi. Walikuwa bado wanaishi mita chache kutoka kiwanjani na wakaona trekta siku lilipofika. Watu wa Chavez Ravine walikuwa wametawanyika jiji zima O'Malley alipotia saini.

Limebaki pingamizi la manufaa, ambalo watetezi wa miradi hupenda kulitaja mwisho. Chuo cha Chicago kimesomesha watoto wengi wa wahamiaji. Lincoln Center ni fahari ya dunia. Na uwanja wa Dodgers, tangu mrushaji Fernando Valenzuela kutoka Meksiko alipotokea kwa kishindo mwaka 1981, umejaa mashabiki wa Kilatino kuliko viwanja vingi. Sikatai hata kimoja. Ninachokataa ni kuyatumia manufaa haya kama risiti ya deni ambalo hayakulilipa. Anayefaidi tiketi ya leo na aliyetolewa La Loma mwaka 1951 wanaweza kuwa wa asili moja na bado mmoja asimlipie mwenzake. Tena hakuna kilichozuia chuo au ukumbi kujengwa huku waliohamishwa wakipewa haki ya kisheria ya kurudi katika nyumba zilizo jirani. Villa Victoria ilithibitisha kwamba inawezekana, kwa sheria zilezile na fedha za serikali ileile. Mwaka 2024 bunge la California lilipitisha muswada wa kuunda jopo la kuchunguza uhamishaji wa Chavez Ravine na fidia inayofaa. Gavana Gavin Newsom alikataa kuutia saini, kwa maelezo kwamba kazi hiyo inafaa ifanywe na mamlaka za mahali husika. Mahali husika ni jiji lililofunga mkataba wa 1957.

Denver imefika mbali zaidi kidogo. Mtaa wa Auraria, uliokaliwa na familia nyingi zenye asili ya Meksiko, ulikumbwa na mafuriko makubwa mwaka 1965, na mwaka 1969 wapigakura wakaidhinisha fedha za kujenga hapo kampasi ya pamoja ya vyuo vitatu. Kanisa la Mtakatifu Cajetan liliachwa limesimama katikati ya madarasa. Waliohamishwa waliahidiwa kwamba watoto wao watasoma hapo bure, na ilichukua miaka mingi ya kudai kabla vyuo havijaanzisha ufadhili wa masomo kwa ajili yao. Mwaka 2021 ufadhili huo ulipanuliwa kwa wazao wote wa wakazi wa zamani. Mwombaji haulizwi kama babu yake alikuwa na hati ya nyumba. Anaulizwa kama babu yake aliishi Auraria kati ya 1955 na 1973, na mpangaji aliyeishi hapo anahesabika sawa na mwenye nyumba.